Moyo Wangu Ulikataa

Mdogo wangu mpenzi, Kitinda,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako na za wanao wawili, ambao wameniamuru niandike kwamba wao wanakusalimia kuliko mimi. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia. Huku tunaendelea. Nikisema hatujambo nitakuwa naongeza chumvi, lakini tunaendelea.

Nimepata ujumbe wako kwamba umeomba likizo ya wiki tatu uje kuniuguza. Niliusoma dukani nikalia mbele ya wateja. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu. Kuna jambo lazima ulijue kabla hujapanda basi, na kwenye simu ningelia tu, wewe ungenibembeleza, nami ningelimeza tena kama nilivyolimeza miaka yote hii.

Acha nianze na ugonjwa, maana ndio ulionifikisha hapa. Mwaka jana nilianza kusikia joto. Wenzangu dukani wamevaa sweta, mimi nagombania feni. Nakula kama mchimba mitaro na bado nguo zinanipwaya, mpaka shemeji yako akalalamika kwamba majirani watadhani ananinyima chakula. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Kazi yangu unaijua: skrubu ya miwani ni ndogo kuliko kichwa cha sisimizi. Asubuhi moja niliangusha kumi na moja, nikawa natambaa chini ya meza na sumaku huku mteja ananisubiri juu na fremu yake mkononi.

Lakini hayo yote yalikuwa nafuu. Kibaya kilikuwa hofu. Kitinda, sijui nikuelezeje. Simu ikiita, kabla sijaipokea nimeshazika mtu. Wanao wakichelewa dakika kumi, mimi niko getini shuleni na kandambili mbili zisizofanana, moyo unapiga hadi masikioni. Nilikwenda zahanati, wakaniambia ni wasiwasi tu, ninywe maji ya kutosha na kupunguza mawazo. Kupunguza mawazo! Kama vile yako kwenye beseni, nimwage nusu.

Aliyenigundua ni bosi wangu, daktari wa macho. Wateja walikuwa wamemshtakia kwamba nawakodolea macho, na mama mmoja alimuuliza kabisa amenikosea nini. Bosi akanikalisha kwenye kiti cha wateja, akaniambia nifuate kalamu yake kwa macho, kisha akaniletea glasi ya maji ninywe huku anaitazama shingo yangu. Aliandika barua ya kunipeleka hospitali siku ileile. Huko wakapima damu na kukuta kwamba tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, inamwaga kemikali yake kwenye damu, na mwili mzima unakimbizwa.

Nilipomwambia shemeji yako kwamba nina tezi, aliweka kijiko chini akanitazama kwa huruma. Akanishauri nirudi nikadai majibu yangu, maana tezi ni ugonjwa wa wazee wa kiume na ni wazi nimepewa karatasi ya babu wa watu. Tayari alikuwa amewasimulia madereva wenzake, na mpaka leo wananipa pole huku wamefunika midomo. Ilibidi nimshike mkono niuweke shingoni mwangu ndipo akanyamaza. Nilicheka sana siku hiyo, na kabla kicheko hakijaisha nilikuwa nalia. Ndivyo nilivyo siku hizi.

Sasa nisikilize. Daktari wa hospitali, dada mmoja mpole wa rika lako, alinieleza kwamba mapigo yale ya moyo, na sehemu kubwa ya hofu ile, vinaletwa na tezi. Nikamwambia kwamba mimi moyo wangu haunidanganyi. Nikamsimulia nyumbani mlivyoniita Rada, na jinsi Mama, Mungu amrehemu, alivyokuwa hafungi safari bila kuniuliza moyo unasemaje, na nikisema umekataa anafungua begi. Daktari alinisikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akasema moyo hautabiri kitu, unapiga tu unavyosukumwa. Alidhani ananituliza. Mimi nilihisi baridi kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, kwa sababu nilimkumbuka Mpima Ardhi wako, yule uliyetaka akuoe.

Kitinda, hakukuacha.

Ulipokuwa chuoni mwaka wako wa mwisho, miaka mitatu sasa, alikuja dukani. Alisingizia skrubu ya miwani imelegea, na kweli ilikuwa imelegea, lakini alichotaka ni ushauri. Alisema amehamishiwa mbali, anataka kuja na wazee wake kujitambulisha kabla hajaondoka, na hajui aanze na nani kwa kuwa Mama ni mgonjwa. Alianza na mimi kwa heshima, kama dada mkubwa. Nami nikamwambia kwamba wewe umebadili nia, umeona haya kumwambia, na umeniomba nikusemee asikutafute. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Kisha ulipopiga simu jioni ya siku ya pili, nikakuambia maneno yaleyale, ila nimeyageuza: kwamba yeye ndiye aliyebadili nia. Nilijua nyote wawili ni watu wa kununa, hakuna atakayemtafuta mwenzake. Mwaka mzima ulinililia mimi, na mimi nilikufuta machozi.

Ulipoinuka kidogo ukaniuliza kama niliwahi kuona kasoro yoyote kwake. Nilikujibu kwamba tangu mwanzo moyo wangu ulikataa. Ukanishukuru.

Nilipotoka kwa daktari siku ile nilipata kitu cha kushika. Nikasema basi, ni tezi ndiyo iliyofanya vile. Nilikuwa mgonjwa bila kujua, na Kitinda atanielewa. Nilirudi kwake mara tatu kumuuliza tezi yangu ilianza lini. Mara ya kwanza alisema pengine mwaka na nusu. Nikamuuliza haiwezi kuwa miaka mitatu? Akasema hadhani. Mara ya tatu nilimsihi kabisa, na yeye, maskini, hakuelewa kwa nini mgonjwa anataka ugonjwa wake uwe mkubwa zaidi. Akasema anachojua ni kilicho kwenye damu yangu leo.

Mimi ninachojua ni kwamba niliikaza ile skrubu yake huku namdanganya, na mkono wangu ulikuwa umetulia tuli. Niliogopa, ndiyo. Niliogopa angekuchukua akupeleke huko walikomhamishia, nibaki peke yangu na Mama kitandani. Hofu hiyo haikutoka shingoni.

Nasikia ameoa na wana mtoto. Siwezi kukurudishia kitu. Nameza vidonge vyangu, nasubiri, wameniambia itachukua miezi. Mikono imeanza kutulia kidogo. Hofu nayo inapungua, na kila inapopungua naona vizuri zaidi nilichokutenda. Kuna siku natamani nisipone haraka. Nisamehe kwa kusema hivyo, lakini ndivyo ninavyojisikia, na sina pa kwenda na jambo hili ila kwako, ambako sistahili.

Sikuombi uje wala sikuombi usije. Likizo ni yako. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa barua ndefu, nitaisoma yote. Shemeji yako bado hajui lolote, anadhani naandika kukueleza basi la kupanda.

Wasalimie walimu wenzako, na ukitunze hicho kifua. Wanao wameshakutandikia kitanda na kukuwekea taulo jipya juu yake, na kila wakipita wanalinyoosha. Sijapata nguvu ya kuwaambia wasubiri.

Ni mimi, dada yako.