Baba Ameacha Dripu kwa Kujivunia Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa tatizo lililoanza kama furaha. Mimi ni mtafiti wa maabara, binti pekee wa fundi seremala mwenye saratani ya mapafu, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikichuja viambato vya mzizi wa tiba ya asili ya Kichina, navitia kwenye visahani vyenye chembe za saratani na chembe za kinga, na mwezi uliopita kiambato kimoja kiliziamsha zile za kinga, zikazizingira za saratani kama siafu, nami kwa kushindwa kujizuia nikamwita baba achungulie kwenye darubini. Alichungulia weee, akafuta jicho, akasema, "Mwanangu, umewaamsha askari." Tangu hapo kila mteja karakanani husimuliwa habari za "daktari wangu", ingawa mimi si daktari, mpaka mama mdogo anamtania kwamba atanitundika ukutani pamoja na misumeno, nami, nakiri, nilinogewa na sifa nikanyamaza. Sasa amenunua mzizi huo, anauchemsha kwenye birika, na Jumatatu hakwenda hospitali kutundikiwa dripu ya dawa ya saratani, eti ya nini kuhangaika na dawa za watu ilhali binti yake anayo. Nikisema ukweli nitamvunja moyo, nikinyamaza nitampoteza. Nifanyeje?

*

Binti, hongera. Sasa kaa nikugombeze. Chembe umezipa miaka mitatu, baba yako hukumpa hata dakika tano za maelezo. Wewe unajua kuwa kisahani hakina tumbo wala ini, na kwamba birika si maabara. Yeye angejuaje, nawe ulikaa kimya ukila sifa?

Leo hii mpigie daktari wake, mtajie mzizi na dripu aliyoikosa, uombe nafasi ya karibu. Kisha nenda karakanani ukaseme naye kwa lugha ya kazi yake: "Baba, kiti nimekiunga, lakini gundi haijakauka." Fundi huyo hajawahi kumkalisha mteja kwenye kiti kibichi, na subira yako hukuiokota barabarani, umeirithi kwake. Ataweka birika chini.

Mpeleke hospitali wewe mwenyewe. Na akianza kuwasimulia wagonjwa wenzake habari za binti yake, mwache asimulie, mradi amalizie na hiyo gundi.