Mstari wa Mwisho wa Ripoti Yako

Kaka Yeremia,

Mahindi uliyoyaacha mabichi tumeyavuna. Mama hajambo, ila haongei na mkeo. Naanza na hilo kwa kuwa hukupenda maneno ya kuzungukazunguka.

Wanasema Shemeji Goreti alikuroga. Eti Mungu alikuponya kanisani mbele ya watu wote, kwa hiyo kilichokurudia kimetumwa, na kwao ni Mabamba, mpakani, nani ajuaye walivuka na nini kutoka Burundi. Mama anarudia asubuhi na jioni: "Imana, Mungu wetu, alimponya. Nani kamrudishia?" Jumapili, baada ya ibada, ukoo unakaa nyumbani kwako hapa Rungwe Mpya. Wanataka arudi kwao, na watoto wabaki.

Nani alikurudishia? Ni mimi, Kaka.

Unakumbuka miguu ilipoanza kufa ganzi, nikakupiga eksirei kule Kasulu kazini kwangu. Nikakutania kwamba mifupa yako mizuri kuliko sura yako. Lakini eksirei yangu huona mfupa, haioni kilichojificha ndani ya uti wa mgongo. Waajiri wako wa malori ya kambi ya wakimbizi wakakupeleka Nairobi kwenye mashine ya sumaku, inayopiga picha hadi ndani ya uti. Uliisifu sana. Iko wazi pembeni, ulisema, unalala huku unamwona nesi.

Ukarudi na bahasha. Ukaniita mbele ya kanisa niisome, kwa vile Kiingereza cha familia ni mimi na picha ndiyo kazi yangu. Nikasoma kwamba uti wa mgongo hauna uvimbe unaoonekana. Kabla sijameza mate, kina mama wakapiga vigelegele, nawe ukamkabidhi mchungaji fimbo yako ya kutembelea kwa mikono miwili. Mama alikuwa analia kwa furaha. Ulibaki mstari mmoja. Niliuona. Nikakunja karatasi, nikasema amina.

Nilidhani nitakuambia kesho yake. Kesho yake ulikuwa umeshawasha lori kwenda Kibondo, unaimba. Wiki iliyofuata nikaona haya kuanza. Baadaye ikawa vigumu zaidi, na ndivyo inavyokuwa.

Ganzi iliporudi uliificha. Goreti peke yake alijua, kwa sababu ndiye aliyekuvua viatu. Alikusihi urudi hospitali, ukamwambia utaliaibisha kanisa, na mdogo wako mtaalamu ameshasema huna kitu. Haya amenieleza yeye mwenyewe, bila kunilaumu, huku akinimenyea ndizi.

Ulipoanguka ndipo waajiri wako wakakupeleka kwenye sumaku kubwa, Afrika Kusini. Hiyo hukuipenda. Ulisema ni bomba, pua inakaribia kugusa dari, na inagonga kama mtu anayepiga pipa kwa nyundo. "Wananiambia nisitikisike," ulisema, "kama vile nina pa kwenda." Tulicheka, nawe ukiwa huinuki tena kitandani.

Picha zote mbili ninazo. Nimezibandika kwenye kioo cha dirisha la chumba changu cha kazi. Ya Nairobi ni kama barabara ya Kibondo mwezi wa saba, lori limepita, vumbi tupu. Ya pili ni barabara ileile mvua ikishanyesha. Uvimbe upo katikati, mweupe, umekaa kama mwenye nyumba. Daktari aliandika kwamba ungegunduliwa mapema ungeweza kutolewa. Sikosi kuutazama kila siku.

Tangu tukuzike nami nimo ndani ya bomba, Kaka. Nikisema, Mama atajua ni mwanawe aliyekuacha ufe, na kule kazini nani tena ataniamini na picha yake? Nikinyamaza, Goreti anapanda gari la Mabamba bila wanawe. Basi nimelala kimya, sitikisiki. Juzi mwanao mdogo aliniuliza kama mama yake ni mchawi. Nilimwambia aende akachote maji. Nilijichukia.

Kalale salama, kaka yangu. Sikuombi unisamehe leo, nitakuomba kesho kutwa kama bado nitakuwa na sauti. Ninachokuahidi ni hiki: Jumapili, ukoo haujakaa, nitasimama palepale uliponisimamisha, fimbo yako bado imeegemea madhabahu, na ripoti nitaisoma yote. Nimefanya mazoezi ya ule mstari ili nisikwame:

"Sumaku ya mashine hii ni ndogo, huenda isionyeshe kila uvimbe. Dalili zikiendelea, mgonjwa apimwe tena haraka kwenye sumaku kubwa."

Mdogo wako,
Elia