Mapengo ya Ukanda Mwekundu

Jumatatu, 17 Machi

Nimepima kunde zote kabla jua halijawa kali. Ukanda wenye vijiti vyeupe, sawa. Wa njano, sawa. Mwekundu una mapengo, mbegu nyingi hazijatoka. Nimeandika hivyo hivyo.

Mbegu zote ni za Bibi, kutoka kibuyu kimoja. Dokta Wegesa, mtafiti wa Butiama, alizichukua, nyingine akazipeleka kupigwa mionzi. Za njano kidogo sana. Nyekundu zaidi kidogo. Nyeupe hazikupigwa kabisa. Anataka kujua protini za majani zinabadilikaje. Anasema huenda mionzi kidogo inaushtua mmea, nao unatengeneza protini za kujilinda. Huenda. Napenda anavyosema huenda.

Bombani Mama Masatu ameniuliza mbele ya watu, "Perpetua, eti usiku huwakagi kama tochi?" Wamecheka wote. Jibu nilikuwa nalo: mtu akipigwa eksirei hatoki hospitali anawaka, na mbegu ni hivyo hivyo. Sikulisema. Nimebeba ndoo nikaondoka. Najichukia nikiwa hivi.

Kesho Bunda. Mama ana malaria na genge lake la mboga halina mtu.

Jumanne, 25 Machi

Nimerudi Bugwema. Mama amepona. Nimeenda shambani kabla hata ya kula.

Mapengo hayapo! Ukanda mwekundu umejaa. Miche ni midogo, lakini imetoka. Kumbe mbegu zilichelewa tu.

Nimempigia Dokta. Mimi mwenyewe nimepiga. Amepiga kelele ya furaha. Amesema kuchelewa vile ni jambo kubwa, atamwambia mkuu wake leo leo. Amesema nikiendelea hivi atanichukua niwe msaidizi maabara, Butiama, wakati nasubiri kupangiwa chuo.

Sijawahi kutakwa mahali.

Jumatano, 26 Machi

Sio kweli. Hazikuchelewa.

Bibi amepandia. Amesema mwenyewe huku anachambua dagaa, hata hakuniangalia. "Uliniachia shamba lina mapengo kama mdomo wangu, na Jumuiya walikuwa wanakuja kusali hapa. Watu wanachekaga." Basi akachukua mbegu kibuyuni akaziba.

Huku kwetu shamba lenye mapengo ni la mvivu. Kila mtu anapandia. Nilikua nikiona hivyo, na bado sikufikiria kumkataza.

Nimemweleza kwamba hizo alizopandia hazikupigwa mionzi.

"Si mbegu zangu zile zile?"

Ndiyo. Ndiyo shida yenyewe.

Jumapili, 30 Machi

Naandika ujumbe kwa Dokta, nafuta. Naandika, nafuta.

Nimejaribu kutenganisha miche. Siwezi. Ya mionzi imedumaa, ya Bibi imekimbia, sasa yote kimo kimoja. Nikinyamaza, majani yatasagwa pamoja na jibu la protini litakuwa uongo. Litaandikwa. Watu wataliamini. Nikisema, maabara basi tena. Mkuu wake ameshaambiwa. Dokta ataaibika kwa sababu yangu.

Na Bibi. Baada ya misa amenishika mkono. "Mjukuu wangu, usinitie aibu mbele ya wageni." Hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Yeye ndiye alikuwa ananisifia kanisani kwamba mjukuu wake anafanya kazi na madokta.

Nina hasira naye. Nina hasira na mimi.

Jumatano, 2 Aprili

Dokta amepiga. Wanakuja kesho kuchuma, yeye na mkuu wake. Ameuliza kama barafu itapatikana. Nilikuwa nimejipanga kusema yote.

Nimesema, "Itapatikana." Basi.

Mwoga.

Alhamisi, 3 Aprili

Asubuhi nilienda mjini, Mukendo, nikachukua barafu kwa wauza samaki. Jani likichumwa linaingia kwenye baridi papo hapo, la sivyo protini zinaharibika. Boksi lilinuka sangara. Mkuu wake Dokta, mzee mrefu wa suti, alikunja pua. Bibi alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka na kutandika kitambaa mezani. Chai, mihogo, kila kitu.

Wakachuma ukanda mweupe. Wakachuma wa njano. Nilishika vifuko, nikavifunga.

Dokta akainama kwenye mwekundu. "Hawa ndio wachelewaji wetu," akamwambia mkuu wake. Akashika jani.

Nikasema, "Usichume."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wakanigeukia wote. Nikasema hazikuchelewa, hazikutoka kabisa. Nikasema hizi zimepandiwa, mimi sikujua nilipopiga simu, nikajua kesho yake, nikanyamaza. Sikumtaja Bibi.

Mkuu akamwangalia Dokta, akaenda kusimama kwenye gari.

Ndipo Bibi akasogea mwenyewe. "Nilipanda mimi, mwanangu. Mtoto alikuwa Bunda. Sikuweza kuwaacha wanajumuiya wanione hivyo."

Dokta alikaa chini kwenye tuta, na suruali yake nzuri. Halafu akang'oa vijiti vyekundu, kimoja kimoja, akanipa nishike. "Ukanda huu hauhesabiki tena," akasema. "Majani yake ni mboga tu."

Chai hawakunywa. Kuhusu maabara, hakuna neno.

Bibi amekunja kitambaa.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua tangu alfajiri, ndogo ndogo.

Ujumbe wa Dokta umeingia: "Jumatatu pima nyeupe na njano kama kawaida." Hakuna zaidi. Nimeusoma sana.

Mchana Bibi amesema, bila kunitazama, tuchume mboga. Nimechuma uliokuwa ukanda mwekundu. Hakuna kati yetu aliyejua jani lipi ni la mionzi na lipi ni lake. Amepika na karanga. Mama Masatu alipita kuazima chungio, akauliza ni kunde zipi hizo. Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya eksirei pia, yote, mpaka mwisho. Akasema, "Ehe, kumbe unaongeaga." Akaonja.

Bibi alisubiri mpaka nimeze tonge. Akanichungulia usoni. "Huwaki," akasema, akaanza kula.

Jioni nimepita shambani. Kwenye ukanda wa njano panzi wamekata mche mmoja. Limebaki pengo. Pembeni kuna nyayo za Bibi kwenye tope, zimefika pale, zimesimama, zimerudi.

Ameliacha.