Mrushaji wa Meza ya Pili

Jumamosi usiku, Oktoba 2009

Mdomo wangu huu utaniponza. Mechi ni kesho, na nimelala nikaamka tena kwa hofu.

Wapinzani wetu wa futiboli ya Kimarekani wana mchezo mmoja unaonitisha. Mrushaji wao anausogeza mpira tumboni mwa mkimbiaji kana kwamba anampa, huku anamtazama Salum, mpwa wangu, mlinzi wetu wa kati. Salum akija mbele, mpira unarushwa juu yake kwa mwenzao aliye nyuma. Akibaki nyuma, mpira anaachiwa mkimbiaji.

Leo mkahawani, Edgware Road, nikampa Salum dawa ya mchezo huo, kwa Kiswahili, tena kwa sauti, kama tunavyofanya uwanjani ili Waingereza wasielewe.

"Jifanye unakwenda mbele, halafu rudi haraka. Atakurushia mikononi mwenyewe."

"Mjomba, punguza sauti."

"Nani atatuelewa hapa?"

Meza ya pili mama mmoja alikuwa akisema na mwanawe kwa Kiswahili cha Mombasa, kijana anajibu Kiingereza kitupu. Nikawapuuza. Sina mpango mwingine wa kesho, na Salum hajafundishwa mwingine.

Kijana akainuka. Jaketi lake lilikuwa na rangi za timu ya kesho, na mgongoni namba ya yule mrushaji. Akanipa mkono kwa adabu zote.

"Shikamoo, kocha."