Vistuli Mlangoni kwa Bibi

Luang Prabang, 5 Novemba 2003

Mama yangu mpendwa,

Tak. Hiyo ndiyo sauti ninayoamka nayo siku hizi: kifuniko cha bakuli la mtawa kikifungwa mbele ya mkono wa Bibi. Haikuwa sauti kubwa, hata mbwa hakugeuka. Lakini naisikia nikinawa uso, nikitandika vitanda vya wageni, na sasa hivi nikikuandikia.

Nisamehe sijaanza na salamu. Hujambo, Mama? Mgongo wa Baba unaendeleaje? Kahawa ya Paksong imeanza kuwa nyekundu? Sisi tu wazima. Baridi ya asubuhi imefika, Bibi anakohoa kidogo ila anakula vizuri.

Unajua anavyopiga magoti kila alfajiri pale mlangoni, mtandio begani, wali wa kunata ukifuka moshi kikapuni, awape watawa wa Kibuddha wanaopita na mabakuli yao, ili thawabu zimfikie marehemu Babu. Tangu Mama mkubwa Bouavanh aifanye nyumba kuwa ya wageni, amepanga vistuli vya plastiki palepale ili wageni nao wakae na kutoa. Bibi amesogezwa mpaka mwisho wa safu, karibu na mfereji. Juzi mgeni mmoja aliruka kutoka kwenye kistuli chake, kamera ikawaka taa usoni mwa mtawa, na mkono wake mwingine ukamtupia pakiti ya biskuti bakulini. Mtawa akafunga kifuniko na kuondoka, na wote waliomfuata wakafunga. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Bibi. Mkono wake ukabaki hewani na tonge lake.

Alilirudisha tonge kikapuni, akajizoazoa kuinuka.

Mimi ndiye ninayeandika maelezo ya wageni yanayowekwa vyumbani. Niliandika ya kawaida: viatu vinaachwa nje, magoti yafunikwe hekaluni, usimguse mtu kichwani, boti za Mekong zinategemea maji ya mto, mwezi wa Machi njoo ukijua kuna moshi wa mashamba yanayochomwa. Safari hii nikaongeza habari za alfajiri. Mama mkubwa akasoma huku akila mwani wa mtoni wa kukaanga.

“Hapa umeandika nini?”

“Wasimame upande wa pili wa barabara. Wasipige picha kwa karibu. Wasitoe kama kutoa hakuna maana kwao.”

“Kwani mimi ninaendesha nyumba ya wageni au shule ya nidhamu?”

“Ndivyo inavyotakiwa, Mama mkubwa.”

“Ndivyo inavyotakiwa! Chuo cha Vientiane kimekufundisha kufukuza watu kwa Kiingereza kizuri.”

Akayafuta hayo yote, akaandika: Toa sadaka pamoja na watawa hapa mlangoni petu, stuli na wali vipo.

Mama, ni dada yako. Sema naye.

Mwanao,
Mone


Paksong, 22 Novemba 2003

Mwanangu Mone,

Barua yako nimeipata. Hatujambo, tunashukuru. Mgongo wa baba yako unauma akiitwa shambani na unapona akiitwa mezani. Kahawa imeiva yote kwa pamoja kana kwamba imeambizana, kwa hiyo nitaandika kwa kifupi.

Siwezi kusema na dada yangu. Ni mkubwa wangu, na mdogo hamfundishi mkubwa wake namna ya kukaa mlangoni. Tena kuna jambo unalijua, acha nikukumbushe. Nyumba ya wazazi humfuata binti wa mwisho, naye ndiye anayewatunza. Binti wa mwisho nilikuwa mimi. Nikamfuata baba yako na miti yake ya kahawa, na Bouavanh akabaki na kazi isiyokuwa yake. Amemwosha Bibi akiugua. Amekulisha wewe kwa pesa alizokutumia ulipokuwa chuoni. Sasa mimi nimtume mtoto wangu amwambie ameweka viti mahali pabaya?

Waandikie wazungu wavae nini na wale nini, inatosha. Na Bibi anaweza kwenda uchochoro wa nyuma, watawa wanapita huko pia. Kichwa chako ni kigumu, nilikisikia wakati wa kukuzaa. Kilainishe kidogo.

Mwambie Bibi nimemtumia tangawizi.

Mama yako


Luang Prabang, 19 Desemba 2003

Mama,

Shikamoo. Poleni na mavuno. Tangawizi imefika, Bibi ameitia kwenye chai na kukohoa kumepungua.

Umesema uchochoro wa nyuma. Nilimwuliza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama angependa kubadilisha jina. Akasema, “Babu yako ataniuliza nimehamia wapi,” akaendelea kuosha mchele wake.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mama mkubwa hawezi kuamka mapema kupika wali wa wageni wote. Kwa hiyo anaupika jioni, anaufunika, na alfajiri anaugawa kwenye vikapu. Wewe unajua wali uliolala unavyonuka. Wageni hawajui, wanautia bakulini wakitabasamu. Watawa wanajua, maana ndicho chakula chao. Wakaharisha. Naibu mkuu wa hekalu akaja mwenyewe, akakaa, akanywa chai, akasema kwa upole kwamba kitu kinachotolewa kiwe kitu ambacho mtoaji angekila. Mama mkubwa akaviweka viganja pamoja, akainama. Alipoondoka akasema, “Watawa wa siku hizi matumbo yao laini.” Kesho yake wali ulikuwa uleule.

Tangu hapo safu inapita mlangoni petu vifuniko vikiwa vimefungwa. Inafunga ikishamaliza kwa jirani wa huku na kufungua ikifika kwa jirani wa kule. Mtaa mzima unaona. Na Bibi bado anapiga magoti pale pale kwenye mfereji, na wali wake wa moto, na anapitwa.

Nilidhani Mama mkubwa ataona aibu. Aliniita.

“Andika hivi. Watawa wa mtaa huu hawafungui mabakuli, ni desturi ya mahali. Wageni wanaweza kukaa, picha ruhusa.”

“Siandiki.”

“Nini?”

“Ni uongo, na kuita kupitwa kwa Bibi desturi ni kumzika akiwa hai. Siandiki.”

“Nilikulisha mimi, Mone.”

“Ulinilisha, na ninakushukuru. Siandiki.”

Aliniita majina ambayo sitayaweka kwenye barua yenye jina lako. Mpishi wa mchana alicheka jikoni mpaka akaangusha mwiko.

Nimejaribu kukilainisha kichwa kama ulivyosema. Hakilainiki. Tafadhali usinijibu kuhusu uchochoro.

Mwanao,
Mone


Paksong, 10 Januari 2004

Mone,

Hujambo? Bibi hajambo? Naona habari zako sasa nazipata kwa watu wengine.

Jana nimeitwa kutoka shambani kwenda kwenye simu ya chama cha wakulima, mikono imejaa maganda, watu wamesimama foleni nyuma yangu. Alikuwa dada yangu. Alikuwa analia na kufoka kwa pamoja, sikuelewa nusu. Nilichosikia ni kwamba mwanangu amemwibia, na kwamba majirani wanampongeza. Nani anampongeza mtu aliyeibiwa?

Umechukua nini? Kirudishe. Piga magoti, omba radhi, kisha panda basi uje huku uchume kahawa mpaka watu wasahau.

Mama yako


Luang Prabang, 23 Januari 2004

Mama yangu,

Sisi hatujambo. Bibi anakusalimu sana, na leo amekula vikapu viwili vya wali, kimoja kwa ajili yako.

Nilichochukua ni vistuli, vyote.

Ilikuwa siku ya ibada ya mwezi mpevu, watu wamejaa hekaluni. Niliazima mkokoteni wa muuza barafu, nikavipakia, nikavisukuma barabarani mchana kweupe. Bibi alitembea kando yangu na maua yake, mgongo umenyooka kama anakwenda harusini. Sikumwomba anifuate. Nilipofika, nikaviweka mbele ya mkuu wa hekalu.

“Sadaka hii ni ya nani?” akauliza.

“Ya Mama mkubwa Bouavanh, na nyumba yake nzima.”

Wakaomba dua, Bibi akamimina maji kwenye udongo kama desturi ilivyo, thawabu zikaenda kwa jina la dada yako. Sikuacha hata moja kwa ajili yangu. Ukitaka kuuita wizi, uite. Lakini wewe umekulia mtaa huu, unajua kwamba kilichokwisha kutolewa hekaluni hakidaiwi.

Ndiyo maana wanampongeza. Sokoni wauza samaki walimwinamia: “Umetoa viti vyote, dada! Wazee watakaa vizuri kwenye mahubiri.” Akalazimika kuviweka viganja pamoja na kuwajibu. Aliporudi alikuwa na uso kama pilipili ya kuchoma.

“Nimeshaagiza vingine,” akaniambia.

“Agiza. Hekalu lina nafasi.”

Akanifukuza kazi, na chumba cha wafanyakazi nikatakiwa nikihame kabla ya chakula cha mchana. Nikahama. Kesho yake alfajiri hapakuwa na kistuli mlangoni. Bibi alipiga magoti katikati, mahali pake pa zamani. Mtawa wa kwanza alipunguza mwendo, akautazama mlango, akamtazama Bibi. Akafungua. Wote wakafungua. Wageni wawili walikuwa wamesimama upande wa pili wa barabara, kimya, kamera zikining'inia shingoni. Hakuna aliyewafukuza, kwa Kiingereza kizuri wala kibaya.

Radhi nimemwomba Mama mkubwa kwa kumpandishia sauti siku ile nilipokataa kuandika, maana lile lilikuwa kosa. Kwa vistuli sijamwomba, na sitamwomba.

Kuhusu basi, sikulipanda na sitalipanda. Umeniandikia mwenyewe kwamba nyumba humfuata binti wa mwisho na kwamba yeye ndiye mtunzaji. Wewe ulikwenda na kahawa yako, Mama mkubwa akabaki akiwa amechoka tangu siku ya kwanza, na mahali pale pamekuwa wazi miaka yote hii. Sikungoja uniruhusu. Nilimwuliza Bibi tu, naye akausogeza mto wake ukutani kunipa nafasi. Nimehamia chumbani kwake, ambako hakuna anayeweza kunifukuza, mkeka wangu uko kando ya wake, na wali wa alfajiri ninaupika mimi.

Mwanao, na binti wa mwisho wa nyumba hii,
Mone