Hita ya Mzee kwenye Chumba cha Nyuma

Mpendwa Mama Kezia,

Kila nilipojaribu kukushukuru ulinikatiza. "Wacha maneno mingi, kunywa chai," ulikuwa ukisema, na kikombe tayari kiko mbele yangu. Leo huwezi kunikatiza, kwa hiyo nitasema yote, tena mbele ya watu, maana wengi waliopita mlangoni pako pale mtaa wa Kamukuzi, Mbarara, walimwona mjane mkali tu, mwenye sauti ya kuamrisha. Nataka wajue walimpita nani.

Unakumbuka tulivyokuja? Mimi na mume wangu Asukulu tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na mfuko mmoja wa nguo, mimba yangu ikinisumbua. Wauguzi walikuwa wamesema nikae Mbarara, karibu na hospitali, mpaka nijifungue. Tulizunguka kutafuta chumba, na mara nyingi mlango ulifungwa watu waliposikia tunavyozungumza. Wewe ulitoka na ufagio mkononi, ukatutazama toka juu hadi chini.

"Nyinyi watu ya Kongo?"

"Ndiyo, Mama," Asukulu akajibu. "Tunatoka Baraka, kule Fizi, kando ya ziwa."

Ukalitazama tumbo langu. "Chumba ya nyuma iko wazi. Lakini mimi hapana taka kelele."

Kiswahili chako kilinichekesha hata siku ile ya wasiwasi. Ulijifunza katika kambi ya jeshi, miaka ile marehemu mumeo alipokuwa askari, nacho kilikuwa cha amri tupu: kuja, toka, lete, kaa. Changu ulisema kinaimba kama kwaya ya kanisa. Tulielewana hivyo hivyo.

Neema alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo mno, baba yake aliogopa hata kumshika. Tulikaa naye hospitali hadi alipoweza kunyonya mwenyewe, na siku ya kuturuhusu muuguzi alinisisitizia jambo moja: mtoto huyu asipate baridi. Asukulu akarudi Rwekubo, sokoni kule Nakivale, kwenye biashara yake ya maharagwe, akiahidi kuja kila Jumamosi. Nikabaki peke yangu na kiumbe ambaye mishipa yake ilionekana chini ya ngozi.

Ilikuwa miezi ya mvua. Mimi ni mtoto wa kando ya ziwa, kwetu joto halikuachi hata ukilala nje. Baridi ya vilima vya Mbarara sikujua nipambane nayo vipi. Nilimfunga Neema kifuani kama nilivyofundishwa, nikamvika kofia, nikatufunika blanketi, na bado vidole vyake vya miguu vilikuwa baridi. Basi adhuhuri moja, mvua ikipiga mabati, niliingiza ndani sigiri yenye makaa yaliyokolea. Nikafunga mlango, nikafunga dirisha, hata ule mwanya wa chini nikauziba kwa kitenge. Utotoni tuliota moto ndani ya nyumba za nyasi zinazopitisha hewa kila upande. Sikujua kwamba makaa yanaweza kuua bila moshi.

Nakumbuka lile joto lilivyokuwa tamu. Nakumbuka kichwa kikianza kuuma, kisha miguu ikawa kama si yangu. Nilijilaza kidogo. Nikataka kuinuka nimtazame mtoto, mwili ukakataa.

Wewe ulikuwa umeniletea uji. Uligonga, ukaita, ukagonga tena, kisha ukausukuma mlango kwa bega. Sauti yako niliisikia ikitoka mbali: "Toka! Toka nje!" Ulimchukua mtoto kwanza. Ukarudi, ukanishika kwapani, ukaniburuta hadi uani, mvua ikatunyeshea sote. Ndipo nikamsikia Neema analia, kilio chembamba kama cha paka, nami nikaanza kutapika na kulia pamoja naye.

Sigiri uliitoa kwa teke. "Nani nasema wewe weka makaa ndani na funga mlango? Wewe nataka kufa?"

"Mama, sikuyua," nilikujibu. "Bebe alikuwa na baridi mingi."

Baadaye sana ndipo uliponieleza kwamba kule kambi ya jeshi jirani yako alilala hivyo hivyo na watoto wake, sigiri katikati yao, wasiamke tena, na wewe ndiye uliyewaosha na kuwavika. Siku ile ulitupeleka hospitali, ukakaa kwenye benchi na nguo zako mbichi mpaka daktari aliposema mtoto yuko salama. Tuliporudi nyumbani uliingia chumbani kwako, ukatoka umekumbatia kitu kilichofunikwa shuka.

Ilikuwa hita ya umeme, ndogo, yenye nyuzi mbili nyuma ya wavu wa chuma. Mzee, marehemu mumeo, aliinunua kwa ajili ya magoti yake, yaliyoharibiwa na miaka ya jeshi. Tangu kumzika hukuwahi kuiwasha. Binti yako Kezia alipoiona mikononi mwako alisimama mlangoni, akakuambia maneno kwa Kinyankore, haraka haraka, macho yamemjaa machozi. Sikuelewa yote, ila neno "Taata" nililisikia. Siku nyingine yeye mwenyewe alinitafsiria: alikuwa akikuuliza kwa nini unampa mgeni kitu cha baba, wakati hata kaka yake ulimnyima. Wewe ulimjibu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Baba yako nakufa. Hii toto bado."

Ukaichomeka. Nyuzi zilitoa harufu ya vumbi linaloungua, zikawa nyekundu polepole, na chumba kile cha saruji kikaanza kubadilika. Ukanipa amri zako. Hita ikae sakafuni, mbali na godoro. Nepi zisianikwe juu yake hata mara moja. Dirisha liachwe wazi kidogo, na beseni la maji liwekwe pembeni ili mtoto asikaukiwe pua. Ulikuja kukagua kama afande, ukimgusa Neema miguu kwanza, kisha mimi ukinitazama kama nimekula.

Kulikuwa na shida moja. Hita na birika la umeme vikiwashwa pamoja, swichi kuu pale ukumbini iliruka, nyumba nzima ikakosa umeme. Pasi nayo ilikuwa hivyo hivyo. Kezia alilalamika, maana alikuwa akisomea ualimu na alipenda nguo zake zinyooke. Ukakata shauri: "Hita kwanza." Tangu hapo ulichemshia chai yako nje, kwenye sigiri, chini ya upenu, umejifunika gunia mabegani na matone yakikurukia. Nilikuwa nikikuona dirishani, mimi niko kwenye joto. Sikuwahi kukuambia kwamba nilikuwa nakuona.

Na umeme ulipokatika, ulikuja wewe. Ulivaa sweta kubwa la Mzee, ukamweka Neema kifuani pako ndani ya lile sweta, ukakaa kwenye kiti kama umepangiwa zamu. Ilikuwa saa kama hizo uliponisimulia jinsi mumeo alivyokuposa, na jinsi alivyoiita hita ile "mke mdogo" ili kukuudhi. Mchana mmoja, tukisubiri umeme urudi, uliniuliza ghafla:

"Mama yako iko wapi?"

"Alibakia njiani, Mama. Wakati wa kukimbia vita."

Ulimrekebishia mtoto kofia, ukatazama mvua kidogo.

"Basi mimi iko."

Ulilitamka kama mtu anayejibu kwamba chumvi ipo jikoni. Mimi niligeukia ukuta. Nilikuwa sijalitumia neno mama kwa mtu yeyote, kwa maana yake kamili, tangu siku ile ya barabarani.

Neema akanenepa. Jumamosi moja Asukulu alifika akamkuta ana mashavu. Alimshika bila woga kwa mara ya kwanza, akacheka mwenyewe. Jua la kiangazi lilipotoka, tukafunga mizigo turudi Nakivale. Ulisimama uani na hita mkononi, umeizungushia waya wake vizuri.

"Chukua."

"Mama, kule kwetu hakuna umeme. Nitaichomeka wapi? Mu ndizi?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kezia naye alicheka, akanishika bega, na nadhani siku hiyo ndiyo tuliyoanza kuwa ndugu.

Tulipokuja kukutembelea baadaye, nilikuta hita iko sebuleni, imewashwa, wewe umeinyooshea miguu. Shuka halikuwepo tena. Nilishangaa, nawe ukaona ninavyoshangaa. "Zamani mimi naona hii, naona kaburi," uliniambia. "Sasa naona toto." Nilifurahi, Mama. Nilikuwa nimedhani mimi tu ndiye niliyepokea.

Kezia aliponipigia simu kuniambia umetutoka, nilikuwa Rwekubo, nikimsaidia Asukulu kufunga magunia. Tulifika Isingiro, kijijini kwenu, watu wakiwa tayari wamejaa kwenye shamba la migomba. Nilikaa nyuma kabisa, pamoja na majirani, kwa kuwa ndiyo nafasi niliyodhani ni yangu. Mchungaji alipowaita watoto wa marehemu waje kutia udongo, Kezia hakwenda. Alisimama akitafuta watu kwa macho. Kisha akapita katikati ya mikeka, mbele ya wajomba na shangazi zenu wote, akanifikia.

"Kuja," aliniambia. "Anaita watoto."

Nilitia udongo baada ya kaka yake, kabla ya wajukuu. Hakuna aliyeuliza mimi ni nani.

Sasa ninaandika haya nyumbani Nakivale, na kitu ninachokisikia zaidi si huzuni. Nimeshukuru kwa uhai wa mwanangu mara nyingi, kwa Mungu na kwa watu. Leo nashukuru kwa kitu kingine. Mama aliyenizaa sijui amelala wapi, sina mahali pa kumpelekea ua. Wewe najua ulipo. Kezia nami tumekubaliana kwamba migomba ikishapogolewa tutakwenda kupalilia kaburi lako, na Neema ameomba abebe jembe dogo. Ameniuliza kama atakuwa akimpalilia bibi. Nimemwambia ndiyo, bibi yake kabisa.

Pumzika, Mama. Ulifanya kazi kubwa.

Mwanao wa chumba cha nyuma,
Mama Neema