Unga wa Mtende Dume

Ushirombo
Jumatatu, 2 Agosti 1971

Akida mume wangu,

Karara la mtende dume limeanza kupasuka! Mama Justa, jirani, kaniletea habari dirishani, maana mimi nimo ndani na eda yako. Mwaka jana uliugua, hakuna aliyeipaka mitende jike unga wa maua ya dume, tende zote zikawa mapooza. Sasa nduguyo Nassibu kasema zikikosa tena anakata mitende yote, alime pamba. Wewe ulikuwa ukipanda juu, kofia unanipa nishike.

Jumanne, 3 Agosti

Masele mrina asali amelikata karara. Nimechambua maua chumbani, nimeyatandaza juu ya magazeti, kivulini, unga wake ujikung'ute. Harufu nyumba nzima! Nassibu kasimama mlangoni — shemeji, eda na manukato wapi na wapi? Nikasema ni maua tu. Mama Justa akacheka: mwache, huyo ni bwana harusi wa mitende!

Alhamisi, 5 Agosti

Nimelia. Nilipojinyoosha mchana, Mama Justa kaubeba unga akauanika uani, jua kali, kama nsansa, mboga zake za majani ya kunde anazozikausha. Kizani utavunda, mwenzangu, kaniambia. Kautandaza vizuri, kwa huruma. Nitamgombezaje? Lakini ulinifundisha: jua linaua unga.

Gazeti moja hakuliona, lilikuwa mvunguni. Nimeuchekecha kwa kitambaa chepesi. Chupa ya wino haijai.

Jumamosi, 7 Agosti

Mitende jike imefunguka yote kwa pamoja! Masele yuko juu sasa hivi, na chupa. Anajua nyuki, hii hajui. Anamwuliza Mama Justa, Mama Justa anakuja dirishani, najibu, anarudi kumpazia sauti. Nimesema: kung'uta taratibu. Kapaza: kung'utaaa! "Taratibu" imebaki kwangu dirishani. Unga umepeperuka, nimeuona, wa manjano, unakwenda zake na upepo.

Mtende mmoja tayari. Chupa nusu. Mitende mitatu bado.

Nassibu kaketi barazani, kijiti cha meno mdomoni. Nimemwomba nisogee hadi shinani tu, nimwelekeze Masele. Kajibu: shemeji, ukitoka, mji utasema.

Masele kahamia mtende wa pili. Anaita: Mama, nimwage?

Naandika nimesimama. Buibui nimeshavaa. Nimewajibu wasubiri — wananiuliza wasubiri nini.

Komeo la mlango liko mkononi, natoka. Mji na useme. Wewe, Akida, nielewe tu.